Chunjua: betri iache kwenye gari, wewe chukua beseni na tupa ya kucha

Nina alama nyeupe juu ya kidole gumba cha mkono wa kulia, ukubwa wa punje ya mahindi, na kila anayeiona anauliza ulimwagikiwa mafuta ya moto? Hapana, hiyo ni maji ya betri. Nilikuwa darasa la tano, nina chunjua mbili tu, ndogo za kawaida, mjomba akanipeleka gereji kwa rafiki yake, fundi akachovya njiti ya kiberiti kwenye betri ya gari akanigusisha mara moja, akarudia, "vumilia mama, kidogo tu inaisha". Nililia mpaka wapita njia wakasimama. Chunjua moja ikatoka na nyama yake, afu baada ya miezi ikarudi na wenzake watatu, wamekizunguka kidonda kama wazee kwenye kijiwe cha kahawa. Zilikuja kuondoka nikiwa form one, zenyewe, bila dawa yoyote, yaani hata siku zilipoondoka siijui. Kovu ndo hilo ninalo mpaka leo.

Sasa hivi nauza dawa, huu mwaka wa nane niko kaunta huku Mabibo, na kama kuna kitu watu wanakuja nacho kwa kujificha kuliko hata mambo ya chumbani basi ni chunjua. Mtu anaingia mkono uko mfukoni, anauliza bei ya panadol, anaangalia angalia makabati, wateja wakiisha ndo anautoa. Na mpaka anafika kwangu anakuwa ameshapita kote, wembe ameshakatia, kitunguu swaumu ameshafunga usiku kucha, uzi ameshakazia mpaka kidole kimevimba. Kwahiyo haya ni yale yale ninayowaambia pale kaunta, ila pale huwa nafupisha maana nyuma kuna foleni, hapa nina nafasi.

Kwanza ujue unapambana na nini. Chunjua inaletwa na kirusi kinaitwa HPV, na sio kimoja, ni ukoo mzima, aina zaidi ya 100, wengine wanapenda mikono, wengine nyayo, wengine sehemu za siri, na wapo wachache, wanaojulikana zaidi ni namba 16 na 18, ambao ndo wanahusika na saratani ya shingo ya kizazi. Wa vidoleni na nyayoni sio hao. Nalisema mapema maana kuna dada alikuja asubuhi macho mekundu hajalala, ana chunjua moja kidoleni, usiku ameandika HPV kwenye simu akajiona anakufa. Dada yangu, hao wanachangia jina la ukoo tu.

Kirusi kinaingia pale ngozi ilipochubuka, hata mchubuko ambao wewe huuoni, kinakaa kimya wiki kadhaa au miezi kabisa, ndo ngozi inaanza kujijaza juu kwa juu. Ndo maana hutamkumbuka aliyekupa. Sio chura, na sio maji yaliyochemshiwa mayai (bibi yangu alikuwa anayapeleka kuyamwaga mbali utadhani sumu), na wala hujatupiwa na jirani.

Halafu hii ya mizizi. Watu wengi wanaamini chunjua ina mzizi umeenda chini mpaka kwenye mfupa, wanakaa na pini wanachokonoa kuutafuta. Hakuna mzizi. Chunjua inaishi kwenye tabaka la juu la ngozi tu, haishuki zaidi ya hapo, na vile vitone vyeusi mnavyoita mizizi au mbegu ni vimishipa vidogo vya damu ambavyo damu imegandia ndani. Ukichokonoa unatoa damu, unakisambaza kirusi pembeni, na unaacha kidonda kirefu kuliko chunjua yenyewe.

Na hivyo vitone ndo vinakusaidia kujua kama kweli ni chunjua au ni sugu, hasa mguuni ambako hata wauza dawa tunachanganya. Fanya hivi, osha mguu vizuri, kaa mlangoni kwenye mwanga wa jua, angalia mistari ya ngozi, ile kama ya alama za vidole. Kwenye sugu mistari inapita juu yake kama kawaida, kwenye chunjua mistari inafika pembeni inazunguka, haipiti katikati. Afu bonyeza, sugu inauma ukiibonyeza moja kwa moja, chunjua inauma zaidi ukiiminya kwa pembeni, kama unavyominya chunusi. Ukikwangua kidogo ukaona vitone vyeusi, umeshapata jibu.

Vipo vingine vinaitwa chunjua na sio. Vile vidoa vyeusi vidogo vilivyoinuka mashavuni, ambavyo watu weusi wengi tunavipata kadri umri unavyoenda, kama vya Morgan Freeman yule mwigizaji wa Marekani, vile haviambukizi na mara nyingi ni vya kurithi, angalia uso wa mama yako utaviona, usipake dawa ya chunjua hapo utajiharibu sura. Vinyama vinavyoning'inia shingoni na kwapani navyo sio. Watoto nao wanapata vipele vinavyong'aa vyenye kashimo katikati kama kitovu, hicho ni kirusi kingine kabisa na chenyewe huwa kinaisha bila dawa, mtoto ukimpaka asidi unamtesa bure.

Na kuna moja sitaki uipite haraka. Doa jeusi kwenye unyayo au chini ya kucha, linalokua, linalobadilika rangi, linalotoa damu lenyewe au kidonda kisichopona, hilo usilipake chochote, nenda hospitali. Bob Marley alikuwa na tatizo kwenye kidole gumba cha mguu, ikaja kujulikana mwaka 1977 kwamba ni saratani ya ngozi, mwaka 1981 akafariki ana miaka 36. Sisi weusi saratani hiyo ya ngozi ikitupata inapenda kukaa huko huko, nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo mtu anasema aah hii sugu tu.

Haya, sasa ni chunjua kweli. Swali la kwanza, inakusumbua? Najiharibia biashara mwenyewe hapa lakini ukweli ni kwamba nyingi zinaisha zenyewe mwili ukishakitambua kirusi, kwa watoto karibu thuluthi mbili zinakuwa zimeisha ndani ya miaka 2 bila kugusa kitu. Na hapo ndo sifa za kila dawa ya mtaani zilipotoka, mtu kapaka utomvu wa papai mwezi wa pili, mwezi wa nne chunjua imeondoka, kesho anamwambia mtaa mzima, kumbe ilikuwa na safari yake. Mtoto wa miaka mitano mwenye chunjua moja gotini isiyouma, mimi namwambia mama yake amuache tu. Ila kama inauma ukitembea, inaongezeka, au inakukosesha raha mbele za watu, basi tuitibu.

Kuna konda wa daladala alikuja mwaka jana, vidole vitatu vya mkono wa kulia, moja imekaa pembeni ya kucha.

"Dada mambo, una dawa ya hiki kitu? Jana abiria kaacha chenji yake, mia mbili nzima, kisa mkono wangu."

"Kaka ipo, ila ina kazi kila siku na sio ya wiki moja. Utaweza?"

"Ya wiki moja hamna?"

Hakuna ya wiki moja. Hiyo ndo sehemu ambayo watu wengi wananiacha kwenye mataa wanaenda kutafuta betri.

Dawa ya kununua ni ile ambayo kwenye boksi imeandikwa Salicylic Acid, sisi tunaitamka salisiliki, ya maji yenye asilimia 17 hivi, chupa ndogo na kibrashi chake, wakati mwingine imechanganywa na asidi ya laktiki, ni sawa. Kwa unyayo mgumu zipo plasta zake zinafika asilimia 40. Soma hiyo asilimia kwa macho yako, maana watu wananunua Whitfield wanapaka miezi sita wanalalamika dawa feki, wakati Whitfield ni ya fangasi, salisiliki yake ni asilimia 3 tu, kwa chunjua hiyo ni kama kuipaka lotion.

Fanya usiku ukishaoga, kabla ya kulala. Beseni, maji ya vuguvugu, loweka hicho kidole au mguu dakika 5 mpaka 10, kwa unyayo mgumu usiibanie. Ngozi ya juu inakuwa nyeupe imelegea kama umefua nguo siku nzima. Chukua tupa ya kucha, ile ya karatasi ya bei rahisi, au kipande cha jiwe la kusugulia miguu ambacho kuanzia leo kitakuwa cha hiyo kazi tu, sugua taratibu kile kilicholegea kitoke. Usisugue mpaka damu, ukiona pinki au kidamu umeshapita kiasi. Watu wengi wanaruka hapa, wanapaka dawa juu ya ngozi iliyokufa, dawa inakula maiti, chini kirusi kimelala. Ukiniambia nichague kati ya kuloweka na kusugua kila siku na dawa ya kawaida, au dawa ya gharama ya kupaka juu juu, nachagua beseni.

Futa pakauke kabisa. Paka vaselini kuizunguka chunjua, kwenye ngozi nzima ya pembeni, acha chunjua peke yake wazi kama kisiwa, maana salisiliki haijui wapi ni chunjua wapi ni wewe. Weka tone moja, ukiona kibrashi ni kikubwa tumia njiti. Itawasha kidogo kama umeshika pilipili, kuwasha ni sawa, kuuma kwa kweli sio sawa. Subiri ikauke, inabaki kautando keupe, bandika plasta, lala. Hiyo dawa ya maji ina harufu kali na inashika moto haraka sana, usiipake karibu na jiko la mkaa au gesi au mshumaa umeme ukikatika, na kifuniko ukaze, na joto hili la Dar ukiacha wazi siku mbili imeshakuwa gundi.

Kesho yake tena. Na keshokutwa. Inachofanya dawa ni kumenya ngozi ganda kwa ganda kama kitunguu, na ule muwasho wake mdogo unauamsha mwili ujue kuna mgeni hapa. Wiki ya kwanza hutaona kitu. Ya tatu inaanza kuwa bapa. Wengi wanaacha wiki ya nne wakiona imepungua, afu ya saba wanarudi kwangu imejaa tena. Jipangie wiki 12, ikiisha mapema sherehekea. Pakichubuka pakawa pekundu na kuuma, pumzisha siku mbili tatu, paponye, endelea. Yule konda alikuwa anafanya stendi usiku gari likishapaki, maji kwenye kopo la rangi, anasema mateja wa pale wakawa wanamwita daktari.

Sasa wasioruhusiwa, na hapa sina utani. Mwenye kisukari au mguu unaokufa ganzi au damu haifiki vizuri miguuni, hapana kabisa. Alikuja mama mmoja mtu mzima, nikamuamkia, akavua kiatu akanionyesha unyayo, "mwanangu nipe ile dawa ya kuchoma, nina chunjua". Nikamuuliza una sukari? Anayo miaka kumi na. Nikamwambia mama hii sikuuzii, alinikasirikia sana, akasema kwani pesa yangu ina nini. Nikamuandikia karatasi aende kliniki yake ya sukari wamwangalie mguu. Kidonda cha asidi kwa mtu wa kisukari kinaanza kama tone, kinaishia kukatwa mguu, afadhali nilaumiwe. Mjamzito na mtoto mdogo waulize kwanza kituo cha afya. Usoni usipake. Sehemu za siri usipake, narudia, usipake. Kwenye doa la kuzaliwa au kidoa chenye nywele usipake.

Ukishamaliza wiki zako 12 kwa uaminifu na bado ipo, au ziko nyingi, au zimezunguka kucha, nenda kliniki ya ngozi. Muhimbili ipo, na kwenye hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala unaulizia, watakuangalia au watakupa rufaa. Wengi wa wataalamu wa ngozi unaokutana nao nchi hii wamepita Moshi, kile kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC kilichoanza mwaka 1992, kwahiyo usidhani ugonjwa wako ni wa ajabu, wameshaona makubwa. Huko kuna kugandisha kwa naitrojeni ya maji, nyuzi hasi 196, wanagusisha sekunde chache, inauma kama kuungua, linatoka lengelenge, unarudi kila wiki mbili tatu, mara nyingi sio mara moja inaisha. Kwa ngozi zetu nyeusi inaweza kuacha doa jeupe la muda mrefu, waambie kabla kama ni sehemu inayoonekana. Kuna kuchoma kwa umeme na kukwangua, hiyo wanapiga ganzi kwanza, ukiona mtu anataka kukuchoma bila ganzi kwenye chumba cha nyuma ya saluni, nyanyuka. Na bima ulizia kabla, usije ukashangaa kwenye dirisha la malipo. Hata ukitibiwa hospitali chunjua inaweza kurudi, kirusi kinabaki kwenye ngozi ya jirani, sio kwamba umetapeliwa.

Tuje kwenye dawa za mtaani maana najua mtaniuliza. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, jina linakaribiana na salisiliki lakini undugu hamna, hiyo inakula nyama na mshipa na chochote ilichokuta. Mafuta ya ganda la korosho, ndugu zangu wa Kusini mnayajua, yanababua ngozi mpaka inavuka, kovu lake ni la maisha. Utomvu wa mnyaa, ule mti wa uzio, ndo wa kuogopa zaidi, ukijisahau ukajishika jicho unaweza kupofuka, sitanii. Kitunguu swaumu kikifungwa usiku kucha kinatoa lengelenge kama la chai ya moto. Wembe unachubua ngozi na kukisambaza kirusi pembeni, baadae una chunjua tano badala ya moja. Selotepu ngumu ya kijivu, ile ya mafundi, hiyo angalau haiumizi, mwaka 2002 Wamarekani walitoa utafiti wa kuisifia sana ila waliokuja kurudia baadae hawakuona la maana. Ukitaka ifunge tu juu ya salisiliki badala ya plasta, inashika vizuri kuliko plasta zetu zinazobanduka kwa jasho.

Na zile krimu za tyubu ndogo zenye steroidi, betamethasone na ndugu zake, ambazo nyumba nyingi zinapaka kwa kila kitu kuanzia upele mpaka kuumwa na mbu, kwa chunjua ni kama kumfungulia mwizi mlango, zinaulaza ulinzi wa ngozi. Wanaojichubua huo ndo mtihani wao, krimu nyingi za kujichubua zina steroidi, unaona zile chunjua bapa ndogo ndogo zimejaa uso mzima, mtu anaongeza krimu afiche, zinaongezeka.

Ukiona zimelipuka nyingi kwa mpigo, usoni, shingoni, mikononi, na wewe ni mtu mzima, hebu pima na VVU. Sisemi kila mwenye chunjua anao, wengi hawana kabisa, ila kinga ikishuka chunjua huwa zinachangamka, na kupima ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukikutwa unao, ukianza dawa mapema unaishi vizuri, na mara nyingine hata chunjua zinapungua kinga ikipanda.

Za sehemu za siri, masundosundo, nyie ndo mnakuja saa mbili usiku nikiwa nafunga. Hizo nyingi ni za aina ya 6 na 11, zinapita kwa kujamiiana, sio zile za saratani lakini mtu anaweza kuwa na zote kwa pamoja. Hamna dawa ya kununua kwangu ukajipakie gizani, kuna zinazopakwa na mtaalamu na nyingine haziruhusiwi kabisa kwa mjamzito. Nenda, na mwenzio naye aangaliwe. Kondomu inapunguza ila haimalizi maana ngozi nyingine inabaki nje. Kina mama kuanzia miaka 30 mpaka 50 kaombeni kile kipimo cha shingo ya kizazi cha siki, dakika chache tu. Na chanjo ya HPV, wasichana wetu walianza kupewa nchi nzima mwaka 2018, wakati ule ilikuwa wa miaka 14, mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14, karatasi ikitoka shule isaini. Chanjo hiyo haitibu chunjua za mkononi, msije kudai. Na ukiona mtoto mdogo ana masundosundo sehemu za siri, usimpake dawa wala usinyamaze kulinda jina la familia, mpeleke hospitali aangaliwe vizuri, inaweza ikawa njia nyingine lakini inaweza ikawa kuna mtu anamfanyia ubaya, na dawati la jinsia lipo polisi kwa ajili hiyo.

Kuzuia sasa. Dar hii kirusi kinapita mguuni kwa mambo ya kawaida kabisa. Bafu la nyumba ya kupanga, vyumba nane bafu moja, sakafu haikauki, ngozi ya unyayo imelainika kwa maji, vaa ndala zako, zako wewe, sio zile zilizoko mlangoni za kila mtu. Msikitini pale pa kuchukulia udhu zile malapa za wote, beba zako kwenye mfuko. Bwawa la kuogelea na gym hivyo hivyo. Masika ukirudi umekanyaga madimbwi toka Jangwani mpaka nyumbani, osha miguu ukaushe katikati ya vidole.

Ila dada zangu, jiwe la yule anayepaka rangi za kucha mtaani. Unamjua, anapita na kikapu na kibeseni, anakaa kwenye kigoda, mguu wako anauweka kwenye paja lake, anasugua kisigino kwa jiwe lile lile alilosugulia la mama ntilie nusu saa iliyopita na la mwingine kabla yake, jiwe lina vitundu, limejaa ngozi za Manzese nzima. Nami napaka kwao, wanapaka vizuri na bei nzuri, ila nina jiwe langu na tupa yangu kwenye kifuko cha plastiki namkabidhi. Wa kwangu alicheka mara ya kwanza, sasa hivi anawashauri wateja wengine wanunue, anawauzia yeye mwenyewe.

Kaka zangu na kinyozi. Spiriti anayopulizia mashine inaua vingi lakini hiki kirusi kina ganda gumu, hakiogopi spiriti kihivyo, na sanitaiza hali kadhalika, bora sabuni na maji mengi kwa mikono. Mwenye uwezo anunue mashine yake aende nayo. Mwenye chunjua kidevuni asinyoe kwa wembe juu yake, unaipanda mstari mzima kama mchicha, punguza kwa mashine tu mpaka ziishe. Taulo, soksi, wembe, visichangiwe ndani hata na mumeo. Watoto wazuieni kung'ata kucha na kutafuna ngozi ya kidole, zile chunjua za pembeni ya kucha ndo zinakotoka huko na ndo ngumu kutibu kuliko zote. Kupeana mkono na mwenye chunjua sio ishu kubwa, ngozi yako ikiwa nzima, pokeeni chenji zenu.

Konda alirudi wiki ya kumi na moja. Vidole viwili safi, cha pembeni ya kucha bado kulikuwa na kitu, nikampeleka mlangoni kwenye jua tukaangalia wote. Usiamini kwa kupapasa, angalia mistari, kama imerudi inapita moja kwa moja bila kuzunguka na hakuna kitone cheusi, imeisha. Kama kuna kitone hata kimoja bado ipo, endelea. Chake kilibaki kimoja, nikamwambia kaka ongeza wiki mbili, akasema dada hata nne. Na ukishamaliza kabisa usije ukaitumia ile tupa kwenye kucha zako nyingine wala kumpa mtu, jina lake lenyewe linakuambia, itupe.